Misalaba ya Siku ya Mvua

Enzi zetu, sisi watoto wa Nyakabanda, wakubwa wa mji tuliwajua kwa makaburi yao. Pale kwenye makaburi ya zamani alilala dereva wa kwanza wa lori, fundi wa kwanza wa cherehani, na katekista aliyefundisha sala nusu ya mtaa. Katikati yao alilala bibi yangu, muuza maziwa. Tuliketi kwenye nyasi tukitafuna mahindi ya kuchoma, midomo myeusi kwa masizi, tukibishana nani kati yao alikuwa maarufu zaidi. Mimi nilimpigania bibi.

Siku moja ya umuganda, ile kazi ya mtaa mzima, tuliambiwa tung'oe misalaba ya mbao tuipake chokaa. Tukaipaka, tukailaza ikauke. Mvua ikashuka, watu wazima wakakimbia, akabaki Karoli mlinzi, ambaye hakujua kusoma. "Nyinyi muko na shule," alituambia akiinua msalaba wa kwanza. "Semeni, huyu iko wapi?" Jina tuliweza kulisoma, kaburi lake ni lipi, tulibahatisha. Tulionyesha kwa vidole, naye akaisimika mmoja mmoja, na mimi nilijiona mtu wa maana sana.

Tangu siku hiyo siyaamini makaburi yale. Vijana wa siku hizi huja na simu zao, wakapiga picha kwa dereva wa lori na kusimulia habari zake kwa sauti ya mtangazaji. Nawatazama kwa jicho la pembeni. Huenda wanamsifu muuza maziwa. Ningecheka, lakini mama yangu naye huenda miaka yote amemlilia fundi cherehani.

Mwezi uliopita familia ziliitwa zionyeshe watu wao, kwa kuwa mifupa itahamishiwa makaburi mapya. Karani alisimama na daftari mbele ya msalaba wa bibi. Mama akanigeukia.

"Mwana wangu, ni hapa iko?"

Nikashindwa kudanganya. Nilimweleza yote, mvua, Karoli na vidole vyetu, nikingoja anigombeze. Aliitazama misalaba iliyopangana mstari mmoja, kisha akamwambia karani:

"Andika mustari wote ni ya kwetu. Wapelekwe pamoja."

Nashuku alijua zamani. Makaburi mapya ni ya marumaru, yana namba, kila familia na lake, na hakuna atakayekosea. Lakini nikiyatazama nawahurumia wengine waliolala huko, maana kila mmoja ana watu wake tu wa kumlilia.