Fundi Salmini na Kiduara cha Choma

Salmini bin Ghalibu alizaliwa Tabora katika nyumba ya wafanyabiashara. Babu yake alipokea misafara iliyopita kwenda Ujiji, na baba yake aliuza vitambaa mpaka duka likafungwa. Yeye mwenyewe hakujaaliwa ulimi wa kuuza. Mwenyezi Mungu alimjaalia vidole. Alianza na kufuli, akaingia kwenye saa, na nchi ilipopata uhuru na ofisi zikaongezeka, akawa fundi wa taipureta, wa mashine za kurudufu na za kujumlisha. Kufikia mwaka wa 1971 hapakuwa na karani mjini asiyeijua baiskeli yake ikitokea upande wa Itetemia, sanduku la vyuma limefungwa nyuma kwa mpira.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, nayo iliwachosha wenye haraka. Hakushika bisibisi kabla ya kuuliza. Imeanza kukosea lini? Nani alikuwa ameketi hapa? Kisha humtaka mwenye mashine alirudie kosa lile lile mbele ya macho yake. "Siwezi kutengeneza hadithi," alizoea kusema. "Natengeneza nilichokiona."

Jumatano moja asubuhi aliitwa katika ofisi ya mifugo. Mkuu wa ofisi, Ndugu Eustace, alikuwa amesimama kando ya meza iliyobeba mashine ya kujumlisha, ile yenye mpini ubavuni na utepe wa karatasi juu. Mkononi alishika barua.

"Fundi, niambie jambo moja tu. Mashine mbovu, au mtu mbovu?"

Mtu aliyekusudiwa alikuwa amekaa pale pale: Apolinaria, msichana aliyesomeshwa na masista, mwenye miezi mitatu kazini.

"Shikamoo, fundi," alisema.

"Marahaba, binti yangu. Hebu nieleze."

Akaeleza. Kila mwezi madaftari ya majosho huletwa mjini, naye hujumlisha ng'ombe waliooshwa ili ofisi ijue dawa kiasi gani ipelekwe wapi. Mzee Humaidi, karani mkongwe, huhakiki kwa kalamu. Madaftari yote hulingana, ila la josho la kijiji cha Choma. Jumla ya mashine hupungua daima, na mara mbili dawa haikutosha, wafugaji wakarudi na ng'ombe wenye kupe. Barua aliyoishika Ndugu Eustace ilikuwa ya kumwachisha kazi. Ilikuwa imebaki sahihi tu.

"Mashine hiyo imepewa mpini, haikupewa akili," alidakia Mzee Humaidi kutoka pembeni. "Mimi mpini sina, lakini hesabu zangu hazijambo."

Makarani wakacheka. Apolinaria hakucheka.

Salmini akaijaribu mashine kwa moja moja, akaijaribu kwa tisa tisa, akasikiliza meno yake yakisagana. Haikukosea. Akalichukua daftari la Choma, akapiga ukurasa mzima kwa mkono wake: elfu mbili mia tatu na kumi na tano. Mzee Humaidi akainua karatasi yake: vivyo hivyo. Utepe wa Apolinaria ulisema elfu mbili na mia mbili.

"Umeona!" akasema Ndugu Eustace.

Salmini akatoa fomu yake ya kazi. Ilikuwa na mistari miwili: Hali ya mashine, na Hali ya mwendeshaji. Kwenye wa kwanza akaandika: Nzima. Kalamu ikashuka kwenye wa pili.

"Fundi," akasema Apolinaria, "nasikia wewe hutengenezi ila ulichokiona. Hapa umeona jumla. Kosa lenyewe umeliona?"

Salmini akahisi uso ukimwiva. Kweli, alikuwa amelinganisha karatasi. Hakumtazama mtu akifanya kazi. Akaweka kalamu chini.

"Umenishika pabaya, binti. Soma kwa sauti, mimi nifuate kwa kidole."

"Thelathini na mbili," akasoma. "Kumi na nane. Sitini na moja. Arobaini..."

"Wapi?"

"Hapa. Nne, sifuri."

"Hiyo ni arobaini na tano."

"Fundi! Duara ni sifuri. Hata watoto wa darasa la kwanza wanajua."

Salmini akainamia ukurasa. Baada ya nne palikuwa na kiduara kidogo chenye ncha kwa juu, na jicho lake lilikiona tano, kama lilivyokiona tangu alipokuwa na ubao wa chuo cha Kurani mapajani, kabla hajaujua mlango wa shule. Mistari michache chini ilikuwapo sifuri ya kweli, ndefu kama yai. Mwandishi wa daftari, Mzee Twalibu wa josho la Choma, naye alifunzwa chuoni tarakimu za Kiarabu, ambamo kiduara ni tano. Ng'ombe wakisongamana na vumbi likipanda, mkono wake uliandika nne ya shule na tano ya chuo katika namba moja, wala mwenyewe hakuwa na habari.

Akavihesabu viduara. Viwili vilikuwa mahali pa makumi, vitatu mahali pa mamoja. Mia moja na kumi na tano, tofauti yote ile.

"Mzee Humaidi, njoo usome hapa."

"Tano," akasema mzee.

"Mwulize binti."

Mzee akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Subhanallah. Mwaka wa tano huu nasoma maandishi ya Twalibu, na sikujua kwamba nasoma hati mbili."

"Wala mimi," akasema Salmini. "Wawili tuliafikiana kwa kuwa tulisoma chuo kimoja, tukadhani kuafikiana kwetu ndiyo ushahidi."

"Kwa hiyo aliyekosa ni Twalibu?" akauliza Ndugu Eustace.

"Mwandikie kwa heshima, ndugu, kwamba tano yake ni nzuri sana, ila ikifika mjini imekwisha kuwa sifuri."

Safari hii Apolinaria alicheka.

"Binti, nisamehe," akasema Mzee Humaidi. "Nilikufanyia mzaha usiostahili."

"Nimekusamehe, mzee. Ila unifundishe na zile tisa zilizobaki."

Salmini akaivuta fomu, na kwenye mstari wa pili akaandika kwa hati yake iliyonyooka: Amesoma kilichoandikwa. Akaweka sahihi, akamkabidhi mkuu wa ofisi. Ndugu Eustace akasoma, akasoma tena, kisha akaichana ile barua vipande vinne.

"Ndugu Apolinaria, endelea na kazi. Daftari la Igunga linakungoja."

Apolinaria hakugusa mpini.

"Na nakala ya barua hiyo, iliyomo kwenye faili langu, ndugu?"

Ndugu Eustace akamtazama, akamtazama na fundi, ambaye alikuwa ameshughulika sana kufunga sanduku lake. Kisha akaenda mwenyewe kabatini kulitafuta faili.