Mpishi wa Pombe Huonja Kwanza

Siku ile bado naiona, mwanangu, na vumbi jekundu la kambi ya Lukole miguuni pangu. Nilikuwa msichana mwenyeji, wa kijiji cha Ntobeye, nimeajiriwa kutunza chumba cha kompyuta kambini, miaka ile wakimbizi walipoanza kurudi Burundi. Mwenzangu kazini alikuwa Nestori, Mrundi ambaye vita vilimkatizia chuo. Mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi kompyuta nilifundishwa na mgeni, wala sioni haya kulisema.

Watoto wa kambini walijifunza kusoma kwa programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote duniani anaweza kuyarekebisha akawarudishia wenyewe. Shida ilikuwa jenereta. Ikizimika ghafla, kazi yote ya mtoto inapotea, na kilio chake unakisikia hadi bombani. Nestori akayasoma maandishi yale, akaiona kasoro, akaandika marekebisho. Alitaka yawafikie wenye programu kabla hajaitwa kupanda lori la kurudi kwao, maana alikuwa hana kingine cha kuonyesha kwa miaka yake ya kambini. Lakini hakuruhusiwa kwenda mbali bila kibali, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyabeba kwenda Ngara mjini, kwenye intaneti.

Njiani nikapitia kwa bibi yangu. Nilimkuta akichuja pombe ya ndizi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, akauliza nimebeba nini. Nikamweleza kwa maringo, unajua tena ujana: nimebeba dawa ya programu, itatumiwa na watu wa dunia nzima.

"Mmeionja?" akauliza.

Nikacheka. "Bibi, hii si pombe."

"Usinicheke. Hapa kwetu aliyepika huvuta mrija wa kwanza, wageni wakimwona. Asipovuta, hakuna atakayekunywa. Ninyi mnawapelekea watu msichokionja, mna ugomvi nao?"

Nilinuna. Lakini bibi alisema kweli: marekebisho yetu hayakuwa yamewahi kuendeshwa popote, kwa sababu chumba chetu hakikuwa na zana za kuijenga programu ile, yaani kuyageuza maandishi yawe programu inayofunguka. Nilipofika mjini sikutuma kitu. Nilipakua zana, nikarudi nazo kwenye CD.

Hapo ndipo tulipoijua kazi, mwanangu. Ukiweka kipande hiki, kinadai kile; ukikileta kile, kinadai kingine ulichokiacha mjini. Nilipanda na kushuka na malori ya ndizi mpaka madereva wakanizoea. Nestori alikuwa akichungulia dirishani kila majina ya wanaoondoka yalipotangazwa, kisha anarudi kwenye kiti chake na kuendelea kuandika.

Siku programu ilipojengeka na kufunguka, tulizima jenereta makusudi. Tulipowasha, kazi ya mtoto wa mwisho kuitumia ilikuwapo, ila za wenzake wote zilikuwa zimefutika! Fikiria tungeituma vile. Nestori akarekebisha upya, tukazima tena, tukawasha. Zote zipo.

"Mwambie bibi yako tumeonja," akasema.

Nikarudi Ngara, nikatuma. Wenye programu, watu tusiowajua kwa sura, wakauliza maswali, tukajibu, wakayapokea. Toleo jipya lilipotoka nililileta mbio kambini, nikamfungulia Nestori ukurasa wa majina ya waliochangia. La kwake lilikuwapo, na pembeni yake wameandika Lukole. Aliligusa kwenye kioo cha kompyuta.

"Mimi niko humu tangu ujana," akasema. "Jina langu limetoka bila kibali."

Lori lake liliondoka muda si mrefu baadaye, naye alisimama nyuma akipunga mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilijivuna siku ile, na hadi leo najivuna.

Basi mwanangu, unapotaka kuchangia kazi ya wengi, andaa kwanza kompyuta yako. Usione uvivu kutafuta zana, wala usikate tamaa zinapogombana. Mvumilivu hula mbivu. Endesha kazi yako nyumbani, jaribu mwenyewe kuiharibu, ikikushinda ndipo uwapelekee wenzako. Na mgeni akijua usichokijua, sogeza kiti karibu naye. Mungu akupe subira ya kuonja kabla ya kugawa, na jina lako lifike hata pale miguu yako itakapozuiwa.