Alama Nyuma ya Kola

Harufu ya pasi ya makaa ikigusa shati lenye wanga hunifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo hovyo. Hapa bwenini kiranja wetu hupiga pasi kila Jumamosi, na wenzangu wamezoea kwamba saa hiyo mchekeshaji wao huzima kama taa iliyoishiwa mafuta. Sijawahi kuwaambia sababu. Nawaambia ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa, bendera mpya ya uhuru haijapauka bado pale Boma. Mama alikuwa nyumbani Khayega na wadogo zangu; mimi nililetwa mjini kusoma, nikakaa na baba chumba kimoja mtaa wa Shieywe. Baba alikuwa dobi. Siku hizo mji mzima ulikuwa na swali moja. Ukimaliza salamu ya mulembe, kabla hata ya kuulizwa hali ya watoto: "Unafanyanga kazi wapi?" Jibu ndilo likawa jina lako. Kulikuwa na Karani, kulikuwa na Mwalimu, na baba alikuwa Dobi. Mimi nilikuwa Mtoto wa Dobi, na watoto wenzangu hawakunikaribia sana, labda kwa sababu mikono yangu ilinuka sabuni.

Kwa hiyo likizo nilizungumza na mashati. Nilipita katikati yake kwenye kamba, mikono nyuma kama mkubwa: "Mulembe, bwana. Unafanyanga wapi?" Upepo ukiyajaza matumbo, yalinijibu kwa kuinama. Hao ndio waliokuwa marafiki zangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

Baba alishona alama ya uzi nyuma ya kila kola: msalaba mwekundu wa Karani, nukta mbili za Mwalimu, mstari mmoja wa mzee aliyefagia soko, ambaye alileta shati moja tu, la Jumapili. Ijumaa moja baba alipokwenda kuteka maji, niliketi na sindano mbele ya mashati yaliyokwisha kukunjwa. Si walikuwa wametangaza kwamba sasa sote ni sawa? Nikafumua alama na kuzibadilisha: nikamfanya mfagiaji kuwa karani, na karani kuwa mfagiaji. Nilicheka mpaka nikachoka, maana kucheka peke yako huchosha upesi.

Kesho yake Karani akafungua shati lake palepale mlangoni, wateja wengine wakitazama, akakuta kiraka mgongoni. Akalitupa mezani. Akasema kama dobi hawezi kazi yake moja, yeye na ofisi nzima watatafuta mwingine.

Baba akatazama alama, kisha akanitazama mimi. Hakunitaja. Alifumba macho, akaanza kuyapapasa mashati moja moja na kuyagawa. La Mwalimu alilijua kwa kiwiko kilicholika mezani. La mzee wa soko, kwa kifungo alichojishonea kwa uzi wa gunia.

"Hili lako," akamwambia Karani. "Bega la kushoto lina maziwa yasiyotoka. Mtoto hulalia hapo."

Siku hizo mwanamume wa ofisini hakubeba mtoto mchanga watu wakajua. Mtu mmoja akacheka. Karani alichukua shati, akaondoka polepole, na hakurudi. Ofisi ikamfuata.

Jioni nilingoja kiboko. Baba akapepea makaa tu. "Nawajua wote," akasema. "Hata anayelia namjua, kwa mkono wa shati. Mimi hakuna aliyeniuliza naitwa nani."

Nikajaribu mzaha: "Na alama yako ni ipi, baba?"

"Dobi hana alama."

Mwezi haukuisha nikarudishwa Khayega, maana kazi ilipungua na hakuweza kunilisha mjini. Alibaki na kamba yake. Nilidhani ameniadhibu, nikanuna karibu mwaka mzima.

Nilipopata nafasi katika shule hii, alinifulia sare mwenyewe. Nyuma ya kola palikuwa na mviringo mdogo wa uzi wa kijani. Nikawaambia wenzangu ni dawa ya wezi, nao, kwa ile alama, wakaniita Mali ya Serikali.

Muhula uliopita alikuja kunitembelea. Wazazi walisimama uwanjani wakiulizana, kama kawaida, nani anafanya kazi wapi. Yeye alisimama pembeni. Alipoinama kufunga kiatu, kola yake ikageuka, nikauona mviringo uleule wa kijani, uzi umepauka kuliko wangu. Alikuwa ameushona zamani, kabla ya wangu. Ndipo nilipoelewa kwamba katika chumba kile tulikuwa wapweke wawili, na mmoja wetu tu ndiye aliyejua kufanya mzaha.

Nikamshika mkono, nikampeleka katikati yao.

"Huyu ni Shivachi," nikasema. "Baba yangu."

Wakangoja niseme anafanya kazi wapi. Nikawaacha wangoje.