Picha Ambayo Sikuiona

Mnaotaka kucheka, chekeni. Mimi nilikuwa hapa hapa dukani kwangu Bwaise, mchana, sikuwa nimelala wala kulewa.

Kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi. Mtandao wangu ulikuwa kobe, kwa hiyo fundi aliniwekea njia ya kuufungua kwa maandishi matupu: skrini nyeusi, herufi nyeupe, basi. Penye picha panatokea tu neno "picha".

Binti yangu Nafula alikuwa Ulaya, na miezi ilipita bila kupiga simu. Nami kwa kiburi changu nikasema, sipigi mpaka apige yeye. Lakini kila siku nachungulia ukurasa wake. Siku moja ya mvua nikakuta kitu kipya: "picha". Chini yake hakuna hata neno. Nililia, jamani. Mtoto hana hata salamu?

Kumbe nyuma yangu kuna mtu. Mama mzee wa Kinubi, kajifunga gurbaba, ile shuka yao, ya manjano. Nikadhani amekimbia mvua, nikamvutia kiti. Maji nje yalifika magotini, lakini miguu yake, haki ya Mungu, ilikuwa mikavu, ina vumbi. Akaliinamia lile neno, akatabasamu.

"Mutoto yako amenyoa nywele," akasema. "Amebeba mutoto musichana. Huyu mudogo ameshika kidole ya mama yake, hataki kuachia. Piga simu. Anangoja wewe."

Nikamwambia, mama, hapo hakuna picha. Nikageuka kuchukua simu, kurudi, kiti kitupu.

Nilipiga. Nafula alipopokea nikauliza tu mjukuu wangu anaitwa nani. Alilia mpaka nikaogopa. Alikuwa amezaa bila ndoa, akakosa maneno ya kuniambia, akaiweka ile picha nijionee mwenyewe.

"Ulivyonyamaza, Mama," akasema, "nilijua umenikataa."

Baadaye jirani alinifungulia picha kwenye simu yake. Kichwa kimenyolewa. Kidole kimeshikwa. Nilipomweleza habari za yule mama, jirani alikaa chini. Akasema huyo alikuwa mkunga, chumba hiki cha duka langu ndicho alichozalishia watu, na alizikwa kabla mimi sijatoka kwetu Busia kuja hapa.

Mjukuu wangu sasa anatembea. Mvua ikinyesha, kile kiti nakiacha wazi. Mteja akikikalia namwinua, akasirike tu. Nawe unayenung'unikia kimya cha mwanao, usingoje marehemu wa watu ainuke aje kukusomea. Piga simu.