Punda Niliyemfuta

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuta. Nilikuwa darasa la nne, sina raba, basi nilikata kipande cha ndala kuukuu nikawa nasugua karatasi mpaka inatoboka. Nakuambia hili mapema kwa sababu nimeisimulia habari hii mara nyingi kichwani mwangu, na kila mara najipamba nionekane mtoto ambaye hakuelewa. Nilielewa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa seremala hapa Bariadi, nyuma ya soko, kuchukua stendi niliyomwagiza. Mimi ni mchoraji wa mabango, kazi niliyojifunza mwenyewe. Fundi aliizunguka stendi ile kana kwamba si yeye aliyeitengeneza.

"Kijana, hii ni ngazi au ni meza iliyokonda?"

"Ni ya kuwekea picha wakati wa kuchora, fundi. Kwa Kiingereza wanaiita *easel*."

"Jina lenyewe kama mtu anataka kupiga chafya!"

Vijana wake walicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu jina hilo mara ya mwisho nilikuwa nimelisikia shuleni, kijijini kwetu upande wa Kasoli, na kilichofuata baada ya hapo sipendi kukikumbuka.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na ubao mmoja mdogo uliosimama juu ya miguu mitatu ya mbao. Siku moja aliigonga ile miguu kwa chaki akatuuliza inaitwaje. Akatuambia kwamba Waholanzi, watu wa kuchora sana, waliipa stendi kama ile jina la punda, *ezel* kwa lugha yao, kwa kuwa inasimama kimya na kubeba chochote unachoipandishia. Waingereza wakachukua neno pamoja na stendi, wakamwacha mnyama nje. Mwingereza leo akisema *easel* haoni masikio wala kwato, anaona mbao tu. Baadaye nililihakiki kwenye simu, kwa sababu siamini kitu mpaka nikihakiki mara mbili, nikakuta neno linarudi nyuma zaidi, hadi kwa Warumi na punda wao mdogo.

Darasa zima lililia kwa sauti ya punda. Mwalimu akasubiri tumalize. "Chekeni tu," akasema. "Nyumbani kwenu maji anabeba nani?"

Kwetu alikuwa anabeba punda wa bibi. Alikuwa wa kijivu, na mstari mweusi mgongoni uliokatwa na mwingine mabegani. Alfajiri bibi alimvisha sogi, ile mifuko ya ngozi inayoning'inia pande mbili, tukatia madumu manne, tukashuka mtoni. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, unachimba kwa bakuli na kungoja maji yajikusanye. Wakati wa kungoja tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, vigumu kama kwato na vitamu kuliko sukari. Wanawake wengine wakipita walimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," bibi akawajibu, na punda akanusa mfuko wangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mchanga mbichi, mate yananijaa.

Nilipomweleza bibi habari ya lile neno, alimgeukia punda. "Umesikia? Huko Ulaya wanakutaja shuleni, nawe hapa unakojoa njiani."

Mwaka huohuo wanunuzi wa punda, wanaotaka ngozi zao, walianza kuja mnadani na malori. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti pale nyumbani, akasema punda amezeeka, Ijumaa atauzwa. Bibi hakubishana naye. Aliniita jikoni.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "wewe unajua kuchora. Nichoree huyu, nimweke ukutani. Sina picha yake."

Nilikuwa na siku tano. Siku ya kwanza nilimchora vizuri, isipokuwa mguu mmoja wa nyuma. Ukimtazama punda aliyesimama utaona hupumzisha mguu mmoja, anaukunja kidogo, ncha ya ukwato inagusa chini. Mguu ule ulinishinda. Nikaufuta, karatasi ikatoboka, nikaanza upya. Siku ya pili tumbo lilikuwa sawa na masikio hayakuwa sawa. Nilichana. Kila jioni bibi aliuliza, "Tayari?"

"Bado, bibi. Mguu."

"Niletee hivyohivyo."

"Nitakuletea mzuri."

Siku ya nne alisema tena, taratibu, "Mimi namjua. Hata ukikosea nitamjua." Nilisikia. Niliona aibu kumpa kitu kibaya, nikaitia karatasi motoni chini ya chungu.

Ijumaa baba mdogo alimfunga kamba wakaondoka. Bibi aliwasindikiza hadi kwenye uzio wa minyaa, akarudi, akapigilia msumari kwenye ukuta wa udongo juu ya kitanda chake. Nilidhani nitamalizia kwa kumbukumbu. Nilikaa na karatasi mpaka jua likawa kali, na kila mguu niliouchora ulikuwa wa punda mwingine. Baada ya wiki bibi alitundika ungo kwenye ule msumari. Hakuniuliza tena "tayari?" Afadhali angenikaripia.

Kuanzia hapo alibeba maji kichwani, nami dumu dogo nyuma yake. Majirani nao waliuza punda wao, mmoja mmoja, mpaka asubuhi zikabaki na majogoo peke yao. Niliwahi kufikiri nimtafute kwenye mtandao punda anayefanana naye, nimnakili. Nimewaona wengi. Ni wanyama wazuri, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunusa mfuko wangu.

Bibi alifariki masika mawili yaliyopita. Kijijini kwetu maji sasa yanaletwa na pikipiki, na watoto wa huko wanamjua punda kwa kitabu. Mimi siku hizi najua kumchora, mguu na yote. Aliyekuwa anaweza kuitazama picha akasema "ndiye huyu" hayupo.