Chai ya Nyumba ya Drusilla

Mwanamke wa Nyamira miaka ile ulimjua kwa vidole. Wa pareto alikuwa na vidole vya njano, wa chai alikuwa na vidole vyeusi, na asiyekuwa na rangi yoyote basi ama ni mgonjwa ama ni mke wa karani. Drusilla alianza na njano. Aliolewa na Zachariah, mwenye kiduka cha mafuta ya taa na sabuni pale Nyamira, na alipopewa shamba lake la juu akalijaza pareto hata ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde ungedhani mtu ameanika shuka.

Watu wa mbali hudhani nchi ya Kisii ni ndizi tu. Waache wadhani. Ndizi ni za kumwonyesha mgeni. Huko Tabaka wenzetu walikuwa wakichonga mawe laini na kuyauza hadi ng'ambo. Upande wa Mosocho kahawa ilikuwa inawajengea watu nyumba za mabati, na kwetu huku juu, penye baridi na ukungu, pareto ndiyo iliyokuwa ikilipa karo. Mungu alipokuwa akigawa udongo alifika kwetu akiwa na furaha. Alipokuja kugawa nafasi alikuwa amechoka, ndiyo maana kila mtu ana ukanda mwembamba unaoshuka kutoka barabarani hadi mtoni, na watoto tele wa kuugombania.

Kwa hiyo mila zetu kuhusu shamba hazikuwa mchezo. Kila mke alikuwa na mashamba ya nyumba yake. Alichopanda humo kilikuwa cha nyumba hiyo, na watoto aliozaa ndio warithi wake. Mume naye alikuwa na kipande chake mwenyewe, tunakiita emonga, na mavuno ya emonga angeweza kuyatumia apendavyo, hata kuyanywa. Lakini kuchukua cha nyumba moja akakipeleka kwingine, hilo hakuruhusiwa. Wazee wangemwita wamkalishe chini.

Shamba la juu la Drusilla lilipakana na emonga ya Zachariah. Katikati palikuwa na safu ya vichaka aliyoipanda baba mkwe wake, mzee aliyeamini kwamba mpaka ni nusu ya amani.

Uhuru ulipokwisha kuingia, afisa wa chai akaja. Alipima mteremko, akafikicha udongo kwa vidole, akasema hapa patafaa sana. Taabu ni kwamba alitaka kipande kimoja kikubwa, na mistari ya miche ipite moja kwa moja bila kukatika. Shamba la Drusilla peke yake halikutosha, na emonga peke yake ndiyo kabisa haikutosha. Vikiunganishwa, vilitosha.

Jioni hiyo Zachariah alikaa jikoni kwa mkewe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na mama yake mzazi akiwa pale pale akiota moto.

"Mama Joash," alisema, "pareto imetulea, sikatai. Lakini pareto inachoka. Unaing'oa, unapanda tena. Chai ni mti. Itachumwa na wajukuu wa Joash."

"Na itakuwa ya nani?" Drusilla akauliza.

"Ya nyumba yako. Kwani nina nyumba nyingine?"

"Hata ile itakayokuwa upande wa emonga?"

"Hata hiyo. Nakuongezea. Mama anasikia."

Mama mkwe akaitikia kwamba amesikia. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini mimi sisemi Zachariah alidanganya siku ile. Nadhani alimaanisha kila neno. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu anayedanganya utamshtukia machoni, ila huyu wa kubadilika baadaye hana alama.

Drusilla akaing'oa pareto yake kwa mikono yake. Wanawake wa ekesangio, lile kundi lao la kulimiana kwa zamu, walikuja kumsaidia wakiongozwa na Kemuma, mwanamke mwenye mdomo mkali na jembe kali zaidi. Walipofika kwenye vichaka vya mpaka, Kemuma akasimama.

"Acha hata kimoja hapo katikati," akamwambia. "Kimoja tu. Miche itakizunguka."

Drusilla akacheka. "Nimpimie mume wangu mpaka kama jirani?"

Vichaka vikang'olewa vyote. Joash, kifungua mimba wake, ambaye wakati ule alikuwa karibu kutahiriwa, ndiye aliyevikokota hadi kando ya njia, akavirundika na kuvichoma. Alijivunia moto wake jioni nzima. Asubuhi yake hukuweza kuona ni wapi shamba la mke lilikoma na la mume likaanza, na katika nchi nzima ya Wagusii hakuna kosa linalofanana na hilo. Mtu wa kabila lingine angeuliza, kuna ubaya gani mume na mke wakiunganisha shamba? Amuulize Drusilla.

Chai haina haraka. Miaka ya kuingoja ilikuwa miaka ya njaa, kwa maana pareto haikuwepo tena na majani hayajaanza kuchumwa. Drusilla alibeba ndizi mgongoni hadi sokoni, akalima kwa watu, akapalilia miche yake huku mimba ya mtoto wa nne ikimlemea. Karo ya Joash haikukosekana hata muhula mmoja. Kisha chai ikakubali. Vidole vikageuka vyeusi, akawa anaamka na ukungu, anachuma majani mawili na chipukizi, anawahi kituo cha kununulia kabla lori halijaja, kwa sababu majani yaliyolala hayapokelewi. Bonasi ya kwanza, yale malipo ya ziada ya mwisho wa mwaka, ikaezeka nyumba yake kwa mabati. Mvua ilipoyapiga mara ya kwanza alikaa kitandani akasikiliza kelele ile kwa furaha kama mtu anayesikiliza kwaya.

Nambari ya mkulima, ile ambayo majani hulipiwa, ilikuwa kwa jina la Zachariah. Hati ya shamba nayo, serikali ilipokuja kupima na kuandikisha, ilikuwa kwa jina la Zachariah. Ilikuwa hivyo kwa kila mtu, na hakuna mke aliyeona kuwa ni neno.

Mama mkwe alikufa. Joash akamaliza shule, akapata ukarani katika duka la mabati na misumari huko mjini Kisii, akaanza kuvaa tai. Halafu, mwaka wa sabini na moja, Sabato moja Zachariah hakuonekana kanisani, na Sabato iliyofuata akaonekana Nyamache kwa wazazi wa msichana aitwaye Esnah.

Drusilla alilia, akanyamaza. Mwanamume aliyeamua kuoa ataoa. Alimpokea Esnah, akampa chungu na moto, na kwa kweli hakuwa na ugomvi na yule binti, ambaye alikuwa mpole na mwenye kuogopa kila kitu. Lakini bonasi ya mwaka huo ilipokuja, ikajenga nyumba ya Esnah, kubwa, yenye sakafu ya saruji. Drusilla akamwendea mumewe dukani.

"Baba Joash, ile chai ni ya nyumba yangu."

Zachariah alikuwa akipima sukari. Hakuinua kichwa. "Chai ni emonga yangu. Yote. Nambari ni yangu, hati ni yangu."

"Ulisema mbele ya mama yako."

"Basi kamwite aje aseme."

Hapo ndipo kitu kilipomkatika Drusilla ndani. Si lile la Esnah. Ni kwamba mtu aliyelala naye miaka yote hiyo alimfanyia mzaha kwa marehemu mamaye.

Alikuwa na watoto watatu wadogo nyuma ya Joash, na shamba lile ndilo lililokuwa kesho yao. Akaenda kwa wazee. Angwenyi, mkubwa wa ukoo, akawakusanya sebuleni kwake, na jambo lenyewe likaonekana jepesi, kwa kuwa mila zilikuwa upande wa Drusilla. Swali lilikuwa moja tu: je, palikuwa na shamba la nyumba pale juu, au pote palikuwa emonga tangu mwanzo? Zachariah akasema pote palikuwa emonga. Kemuma akasimama, akaeleza mpaka ulipokuwa, kichaka kwa kichaka.

"Wewe, mama, uliletwa hapa na ng'ombe wa mahari kama yeye," Angwenyi akamwambia. "Mke hashuhudii mipaka ya ukoo. Kaa."

"Mikono iliyong'oa ni hii," alisema Kemuma, lakini akakaa. Hasira ya jambo hili haijanitoka hata leo: wale walioliinamia lile shamba miaka yote hawakuhesabiwa kuwa wanalijua.

"Ila nyumba ya Drusilla ina kifungua mimba," Angwenyi akaendelea. "Ni mzaliwa wa hapa, ni mwanamume. Akisema mpaka ulikuwepo, ulikuwepo, na chai itarudi kwa nyumba ya mamaye. Aitwe."

Drusilla alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Joash. Nani angemsemea vizuri kuliko Joash, ambaye alivichoma vile vichaka mwenyewe? Siku alipotazamiwa alisonga ugali wa wimbi, akapika chinsaga kwa maziwa, ile mboga chungu aliyoipenda tangu utotoni. Joash akaja, akala matonge machache, akasema amekula njiani. Kisha akauliza kama tata, yaani baba yake, yuko dukani, akatoka, akakawia huko.

Mbele ya wazee alisimama kwa adabu zote, kofia mkononi.

"Wazee wangu, wakati ule nilikuwa mtoto. Nijuavyo mimi, shamba la juu lote ni la tata."

"Hukuwahi kuona mpaka?" Angwenyi akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili.

"Sikuuona."

Zachariah alitazama viatu vyake. Drusilla alimtazama mwanawe usoni, akingoja amalizie, maana ilikuwa lazima kuna neno lililobaki. Joash akakaa. Wazee wakaamua kwa walichosikia, chai ikawa emonga, na kikao kikavunjika bila mtu kuonja uji.

Drusilla alimfuata mwanawe njiani, akamkuta kando ya shamba lenyewe. Majani yalikuwa mororo, ya kuchumwa kesho yake.

"Nieleze," Drusilla akasema.

Joash akaeleza, na alieleza upesi upesi, kama mtu aliyefanya mazoezi. Yeye na Ogada, mwenzake wa dukani, kijana wa kutoka ziwani, walikuwa wamepata lori. Lingebeba ndizi za Nyamache hadi Kisumu na kurudi na samaki, na wanunuzi walikuwa tayari. Benki ilikuwa radhi kutoa mkopo kwa rehani ya hati ya shamba la chai, ila haikutaka shamba lenye kesi. Tata alikubali kuiweka hati, kwa sharti kwamba kesi ife.

"Mama, elewa. Tukiwa na lori hatutaitegemea chai. Nitakutunza mimi. Hutakosa kitu."

"Na wadogo zako?"

"Nitawasomesha."

Drusilla hakupandisha sauti.

"Joash, shamba lilikuwa lenu. Wewe na wenzako. Mimi ningekuwa nalo la nini, nizikwe nalo? Ungekuja ukaniambia, mama, nataka lori, ningekwenda nawe hadi huko benki nikaweka dole gumba langu. Ungeniomba, ningekunyima?"

Wakati huo, nafikiri, ndipo Joash alipoelewa kwamba alikuwa ameuza kitu ambacho angepewa bure. Alisema, "Sikufikiri." Drusilla akamwambia barabara ina matope, awahi kabla giza halijaingia.

Watu walimshauri amlaani. Laana ya mama kwetu si maneno, inaua mifugo na kufunga matumbo ya wake. Hakutaka. Aliomba miche ya pareto kwa Kemuma, akaipanda kule chini penye mawe, ardhi ambayo hakuna mtu angegombania. Kuhusu chai, alichuma siku alizoambiwa achume, akampelekea mwenye emonga majani yake, akarudi kwake.

Lori lilinunuliwa, na lilikwenda vizuri. Sina habari ya kuwafurahisha wale wanaotaka lipinduke. Joash akanenepa, akaoa, akawalipia wadogo zake karo kama alivyosema. Na mwaka mmoja baadaye, mchana wa Jumapili, alilisimamisha barabarani, akateremka na blanketi jipya, gunia la sukari na samaki mkubwa aliyefungwa kwa majani.

Drusilla alimwona akishuka. Akaingia ndani, akapangusa kile kiti chenye mto anachokalia mchungaji, akatoa kikombe cha udongo chenye maua kutoka kabatini. Joash alipobisha hodi alimkaribisha, akampa mkono, akauliza habari za mjini na za barabara. Alipokea blanketi kwa mikono miwili, akashukuru sana. Joash alipoinuka kwenda jikoni kujipakulia, kama alivyofanya maisha yake yote, alimzuia kwa upole.

"Keti tu, bwana. Utaletewa."

Akaletewa. Akala peke yake mezani, mamaye amesimama kando akimwuliza kama chumvi inatosha. Alipoaga alisindikizwa hadi langoni, si hatua moja zaidi, na Drusilla akamwambia maneno ambayo mwenye nyumba yeyote Nyamira humwambia mtu aliyepita njia.

"Tumefurahi kukuona. Ukipita tena huku, karibu unywe chai."