Mimba Yangu ya Pamba

Nikisimulia haya bado uso unaniwaka, lakini Ishiara nzima inajua, kwa hivyo afadhali myasikie kutoka kwangu: mimi, mwenye miaka hamsini na mbili na wajukuu watatu, nilibeba mimba kwa saa mbili na nikaizaa mbele ya watu.

Kazi yangu ni kutembelea wajawazito nyumba kwa nyumba, nikiuliza wanahitaji msaada gani na kujaza fomu. Asubuhi hiyo nilikuwa nikiwafundisha wengine, kwenye ukumbi wa kanisa, kulala kwa ubavu wa kushoto, na kwa kuwa napenda jambo lieleweke (mtanisamehe, ndivyo nilivyo), nilijifunga mto tumboni kwa leso, chini ya gauni. Kumaliza, fundo likakataa kufunguka, na nilikuwa nimechelewa kwa Wanja, basi nikaamua niende nao tu, nitaufungua huko huko.

Mtu wa boda aliendesha kama amebeba mayai. "Hongera, mama. Kumbe mzee bado ako na nguvu." Kumweleza kungechukua safari nzima, nikamshukuru tu.

Wanja alikuwa na mimba ya miezi saba, na mara zote tatu nilizomtembelea jibu lilikuwa moja: "Niko sawa." Siku hiyo nilimkuta akiingia na mtungi wa lita ishirini mgongoni. Akaniangalia tumbo, akautua. "Hata wewe, Mama Mugendi?" Kabla sijajibu maneno yakamtoka: mgongo unamuuma, mtoni anaenda mara mbili kwa siku, usiku tumbo linakaza, na anaogopa kumwambia mama mkwe asije akaitwa mvivu. Ningemkatizaje? (Ningeweza. Sikutaka.)

Mara mama mkwe akatokea, akaninyang'anya mkoba wangu wa fomu. "Umri huo na unabeba mizigo? Keti." Akawaita majirani waje waniombee. Nikainuka haraka niwaeleze, na lile fundo lililokataa asubuhi likakubali. Mto ukaanguka vumbini, maandishi yake ya kushonwa yakitazama juu: LALA SALAMA.

Mama mkwe akauokota, akaupangusa. "Ni kijana ama ni msichana?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wanja peke yake hakucheka, alinitazama kama mtu aliyempa mwizi siri yake, na hapo ndipo aibu iliponishika kweli.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "mimi umenipokea mkoba kwa sababu ya pamba. Huyu amebeba mtoto, na mtungi juu yake."

Akanirudishia mto, akainama, akaubeba ule mtungi hadi jikoni. Tukasikia sauti yake huko ndani: "Wanja, maji kuanzia kesho ni yangu."

Kesho yake nilimpeleka Wanja kliniki, na leo yeye na mtoto wako sawa, sawa ya ukweli. Mimi nimeapa sitoki tena ukumbini na mto, hata ikibidi leso ikatwe kwa makasi. Lakini yule wa boda bado ananiuliza kila tukikutana, "Mtoto anaendeleaje?"

Namjibu, "Amelala."